Ahadi ya Mzazi, Deni la Mtoto

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Birmingham hulalamika kila kompaila ya Java inapowagomea kwa sababu ya eksepsheni. Mimi niko upande wa kompaila, na nitawaambia kwa nini.

Tuseme klasi Malipo ina methodi tuma(), nayo imetangaza IOException, yaani kosa ambalo kompaila inakulazimisha ulidake au ulitangaze. Klasi mtoto, MalipoYaSimu, ikiiandika upya methodi hiyo, inaruhusiwa kutangaza IOException ileile, au iliyo chini yake kama SocketTimeoutException, au isitangaze kitu kabisa. Ikiongeza SQLException, inakataliwa. Ikipanua iwe Exception tupu, inakataliwa pia.

Kwani ukali wote huu wa nini? Anayeita tuma() anamjua mzazi tu. Amejiandaa kwa IOException, basi. Si unajua mambo ya nyumbani: baba akimwahidi jirani kitu halafu akakutuma wewe, jirani hatakiwi kupata tabu ambayo baba hakuitaja. Ahadi ni deni, na mtoto analirithi. Matatizo anaweza kuyapunguza, sio kuyaongeza.

Sasa kuna ujanja wa mjini: unaifunga SQLException ndani ya RuntimeException, kompaila inanyamaza, maana RuntimeException haibanwi na kanuni hii. Lakini tatizo halijaisha, limehama tu. Litaibuka saa nane usiku, hela ya bibi haijafika Mombasa, na hakuna aliyejua kwamba kuna kosa la kudaka. Wengine wanabandika throws Exception kwa mzazi. Hapo kila anayeita anabebeshwa mzigo asioujua.

Wapinzani wana hoja. C# na Kotlin hazina ukaguzi huu. Anders Hejlsberg, aliyeongoza usanifu wa C#, alieleza kwamba ukiongeza eksepsheni mpya kwenye toleo jipya, unavunja programu za wanaokutegemea. Kweli kabisa. Ila bora ivunjike mezani kwako kuliko mikononi mwa mteja.

Kwa hiyo ukigomewa, usitafute uchochoro. Mpe mzazi eksepsheni yake mwenyewe, iite MalipoException, na kila mtoto, iwe simu, benki au kadi, afunge humo kosa lake pamoja na chanzo chake. Anayeita atadaka moja tu, na ahadi itabaki ahadi.