Kichocho Si Uchafu wa Mvuvi

Wapo wasemao kwamba watu wa mwambao wa Ziwa Victoria wanaugua kichocho kwa sababu ni wachafu na hawasikii. Maneno hayo tunayakataa, na leo twayajibu hadharani.

Ugonjwa huu hauendi ovyo. Kichocho cha tumbo kimeshika ufukoni: Ukerewe, Ukara, Sengerema, Magu na mwambao wa Mara. Ukilipa ziwa kisogo, chapungua kadiri uendavyo, na huko ndani Usukumani hukutana na ndugu yake, kichocho cha mkojo, kikaacho katika mabwawa na majaruba ya mpunga. Je, uchafu hupimwa kwa hatua kutoka ziwani? Kama ni tabia ya mtu, mbona ugonjwa wafuata maji?

Sababu ni hii. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi, huingia majini na kuanguliwa, na vijidudu humwingia konokono akaaye penye magugu na maji matulivu. Humo huzaana, kisha hutoka jua likiwaka na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Nani yumo majini saa hizo? Mama afuaye nguo, mtoto aogaye, mvuvi asukumaye mtumbwi. Hao ndio walishao taifa dagaa na sangara. Malipo yao ni ini na wengu kuvimba, na mwisho kutapika damu.

Tunaletewa vidonge vya prazikwanteli. Twashukuru. Lakini vidonge huua minyoo iliyokomaa. Havimkingi mtoto arudiye maji yale yale kesho. Mwaka 2001 Mkutano wa Afya wa Dunia uliagiza watoto wa shule wapewe dawa, na azimio hilo hilo lilitaja maji salama na vyoo. Mbona vidonge vyakumbukwa na vyoo vyasahauliwa?

Tazameni Ihelele, wilayani Misungwi. Kutoka hapo maji ya ziwa yalivutwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa 2009. Hatuwaonei wivu ndugu zetu. Ni haki yao. Lakini kama maji yaweza kuvuka mkoa, yashindweje kwenda hatua mia kutoka ufukoni hadi nyumba ya mvuvi?

Twadai bomba na vyoo katika kila mwalo. Twadai dawa kwa wavuvi na akina mama pia, si kwa watoto wa shule peke yao.

Na sisi wenyewe tusikae tukingoja. Tuchimbe vyoo, tuache kujisaidia ufukoni, na maji ya kuoga tuyaweke ndooni siku mbili ili vijidudu vife. Asiyejisikia vizuri aende zahanati bila haya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 tuliwataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Ufukoni kwetu wote watatu wanaoga pamoja. Ndugu, tuwatoe majini!

Uhuru na Umoja!