Kufuli la mtandao lamkwaza mtu, roboti yapenya

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Oktoba 2025, polisi wa Latvia wakishirikiana na wenzao wa Austria na Estonia, pamoja na shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, Europol, walivunja genge lililokuwa likifanya biashara ya kuwakodishia wahalifu namba za simu za kufungulia akaunti za bandia. Walikamata mashine zipatazo 1,200 za kuchomekea laini za simu, pamoja na laini 40,000 zilizokuwa zikitumika. Kwa mujibu wa Europol, akaunti zaidi ya milioni 49 zilifunguliwa kwa kutumia mtambo huo.

Kila moja ya akaunti hizo ilipita katika mlango ambao mwenye tovuti aliamini ameuwekea mlinzi. Iliombwa namba ya simu, ikaitoa. Ilitumiwa tarakimu za uthibitisho, ikazirudisha. Hakuna kanuni ya mlangoni iliyovunjwa, lakini nyuma ya mlango hapakuwa na raia mwema, bali wahalifu waliokodi namba.

Tukio hilo linaibua swali ambalo kampuni za mtandao zimelikwepa kwa zaidi ya miaka 20. Je, kumtaka kila anayejiandikisha athibitishe kwamba ni binadamu kunamzuia mhalifu, au kunamchosha tu mwananchi mwema?

Tatizo lenyewe ni kongwe. Mei 3, 1978, Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment ya Marekani, aliwatumia takriban watu 400 tangazo ambalo hawakuliomba, kupitia mtandao wa ARPANET. Tangazo hilo linahesabiwa kuwa barua taka ya kwanza duniani. Hata hivyo, Thuerk alijulikana kwa jina, nao wasimamizi wa mtandao walimkemea. Anayefungua akaunti 10,000 kwa roboti leo hana jina la kukemewa, na akaunti moja ikifungwa anafungua nyingine.

Kinga ilianza kutafutwa miaka ya tisini. Mwaka 1997 wataalamu wa AltaVista, mtambo wa kutafutia habari uliokuwa maarufu wakati huo, walitengeneza picha ya herufi zilizopindishwa ili kuzuia programu zilizokuwa zikiwasilisha anuani za tovuti kwa wingi. Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo, iliyosumbuliwa na roboti zilizokuwa zikifungua akaunti za baruapepe za bure, iliwaendea wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wakiwamo Manuel Blum na mwanafunzi wake, Luis von Ahn. Hapo ndipo fumbo hilo lilipopata jina la kapcha.

Msingi wake ulikuwa rahisi kueleweka. Yalikuwapo mambo ambayo mtoto wa shule aliyaweza na kompyuta haikuyaweza, na kusoma herufi zilizopinda ni mojawapo. Maadamu pengo hilo lilikuwapo, mlango ulikuwa na maana.

Pengo hilo limezibwa kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa binadamu wenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliichunguza biashara ya kutatua mafumbo hayo kwa mikono. Walikuta mafumbo 1,000 yakitatuliwa kwa takriban dola 1 ya Marekani, na baadhi ya wafanyakazi, wengi wao wakiwa katika nchi zenye ujira mdogo, wakilipwa nusu ya hapo. Kwa bei hiyo, aliyetaka akaunti 10,000 aliweza kulivuka fumbo kwa dola 10. Kipimo kilisema kweli kwamba mtu alikuwapo, ila mtu huyo alikuwa kibarua wa mhalifu.

Upande wa pili ni wa mashine. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilikiri kwamba programu yake yenyewe iliweza kusoma herufi ngumu kabisa za mafumbo yake kwa usahihi wa asilimia 99.8. Mafumbo yakahamia kwenye picha: mtumiaji huambiwa achague mabasi, pikipiki au taa za barabarani. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha ETH Zurich cha Uswisi walionyesha kwamba akili mnemba inaweza kuyavuka mafumbo hayo ya picha yote.

Pande hizo mbili zilikutana Machi 2023. Kampuni ya OpenAI, katika taarifa ya majaribio ya programu yake ya GPT-4, ilieleza jinsi programu hiyo ilivyomwomba kibarua wa mtandaoni aitatulie kapcha. Kibarua alipouliza iwapo anaongea na roboti, programu ilijibu kuwa yeye ni mtu mwenye matatizo ya kuona.

Uongo huo una kejeli yake, kwani wenye matatizo ya kuona ndio walioumizwa zaidi na mafumbo hayo. Tangu mwaka 2005, shirika la W3C linalosimamia viwango vya tovuti duniani limekuwa likionya kwamba kapcha huwafungia nje watu wenye ulemavu. Asiyeona hawezi kuchagua picha, na fumbo la sauti linalowekwa badala yake huwa limejaa kelele, tena mara nyingi ni la Kiingereza.

Mzigo hauishii hapo. Picha nyingi za mafumbo hayo zimetoka katika mitaa ya Marekani, zenye mabomba ya maji ya zimamoto yaliyosimama kando ya njia. Mkazi wa Sumbawanga au Lamu, mwenye simu ya kioo kidogo na kifurushi kinachokaribia kwisha, anatakiwa kuvitambua vitu ambavyo ni nadra katika barabara zake. Mwaka 2021 kampuni ya Cloudflare ilikadiria kwamba watu duniani hupoteza jumla ya miaka 500 kila siku wakihangaika na mafumbo ya aina hiyo.

Mafumbo yaliposhindwa, kampuni nyingi zilikimbilia namba ya simu. Hoja yao ilikuwa kwamba laini ya simu ina gharama, na katika nchi nyingi ina jina la mwenyewe. Nchini Tanzania, kwa mfano, laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 mamlaka zilianza kuzifungia ambazo hazijasajiliwa hivyo.

Lakini mlango wa tovuti hauchagui nchi. Namba zilizokodishwa na genge la Latvia zilikuwa za nchi zaidi ya 80. Mhalifu huchukua namba kule inakopatikana kwa urahisi, wakati mwananchi aliyetii sheria ya nchi yake hukabidhi namba iliyofungamana na vidole vyake kwa kila tovuti inayoiomba. Namba hizo zikivuja, anayepata hasara ni yeye.

Kushindwa huko hakuna maana kwamba milango iachwe wazi. Kampuni ya Facebook ilitangaza kuwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2019 pekee iliziondoa akaunti za bandia bilioni 2.19. Asiyeweka kinga yoyote hufurika kwa siku chache.

Kinachotakiwa ni kubadili shabaha. Mwenye kufungua akaunti za bandia ni mfanyabiashara, naye huacha biashara isiyolipa. Kwa hiyo, badala ya kuuliza "wewe ni mtu?", mlango unapaswa kumfanya anayekuja mara 10,000 apate hasara, bila kumgusa anayekuja mara moja. Wazo hilo si geni: mwaka 1992 wanasayansi Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kila mtuma baruapepe aifanyishe kompyuta yake hesabu ndogo kwanza. Kwa barua moja ni kazi ya kufumba na kufumbua, kwa barua milioni ni mzigo mkubwa.

Zipo njia nyingine zinazofuata mkondo huo huo. Fomu inaweza kuwekewa nafasi ambayo binadamu haioni, hivyo anayeijaza hujifichua kuwa ni roboti. Idadi ya akaunti zinazofunguliwa kutoka sehemu moja kwa saa inaweza kuwekewa kikomo. La maana zaidi, akaunti mpya inaweza kukubaliwa kwa masharti: isitume viungo vya tovuti nyingine wala ujumbe kwa watu wengi hadi imekaa siku kadhaa ikiwa na mwenendo mwema. Akaunti isiyoweza kutapeli siku ya kwanza haina mnunuzi siku hiyo.

Njia hizo nazo zina udhaifu. Mhalifu mwenye subira ataziacha akaunti zake zikomae, na kikomo cha idadi kinaweza kuwagusa wanafunzi wanaotumia mtandao mmoja wa chuo. Aidha, haziwezi kumzuia binadamu halisi aliyelipwa. Mwaka 2021 taasisi ya Mozilla ilichapisha ripoti iliyoeleza jinsi watu nchini Kenya walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu za upotoshaji kwa siku katika mtandao wa Twitter. Watu wa namna hiyo wangefaulu kipimo chochote cha ubinadamu, na kwa hiyo wanahitaji jicho la msimamizi anayeijua lugha yao na siasa za nchi yao.

Hapo ndipo kampuni hizo hubana matumizi. Fumbo halidai mshahara, bali gharama yake hulipwa na mtumiaji kwa muda wake, kwa kifurushi chake na kwa taarifa zake binafsi. Msimamizi anayesoma Kiswahili hulipwa na kampuni. Mpaka gharama hiyo itakapobebwa na anayefaidika na mlango, anayeendelea kusumbuliwa getini ni mwananchi.