MWIZI ASIYEVUNJA MLANGO



Mwizi wa zamani alikuja usiku, akavunja mlango, mbwa wakabweka na majirani wakaamka. Mwizi wa siku hizi hapandi mlima kuja Usangi wala Ugweno. Hukaa mbali, hupiga simu mchana kweupe, nasi wenyewe twamkabidhi fedha. Watu humwita tapeli. Juma hili yafaa tumtazame vizuri, tujue anavyofanya kazi yake, na la kufanya akiisha kutuibia.

Hila zake si nyingi. Hupeleka ujumbe usemao, ile hela itume kwa namba hii. Hajui wewe ni nani. Amepelekea watu maelfu. Lakini katika maelfu hao hakosekani baba mmoja aliyeuza mbuzi jana ili alipe ada ya mtoto, naye adhani ni mwalimu anayemwandikia. Hila ya pili ni kupiga simu na kusema, mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma fedha za dawa sasa hivi. Ya tatu ni ujumbe wa uongo kwamba umepokea fedha, kisha mtu akakulilia umrudishie kwani amekosea namba. Ya nne ni kujifanya mtu wa kampuni ya simu na kukuuliza namba yako ya siri.

Hila zote hizo zina neno moja: upesi! Tapeli ataka utume kabla hujamwuliza mtu. Basi dawa yake ni kumwuliza mtu. Kata simu, kisha mpigie mwalimu kwa namba unayoijua wewe. Tazama salio lako kabla ya kurudisha fedha za mtu. Namba ya siri usimpe yeyote, hata wakala unayesali naye kanisa moja. Na ukiombwa mchango kwa simu kwa jina la padre au askofu, njoo kwanza uulize parokiani. Hakuna padre atakayekasirika kwa kuulizwa.

Yuko na tapeli mwingine, ambaye haharakishi. Huyu huja na faida. Wengi wetu twaikumbuka DECI. Watu waliweka fedha zao humo, wakaambiwa wanapanda mbegu, nao watavuna maradufu. Wakuu wake walikuwa watu wa dini, na maneno yao yalikuwa ya Maandiko. Mwaka 2009 serikali iliifunga, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya wakuu hao. Tusiwacheke waliopanda. Walikuwa wakulima, wajane na wafanyakazi, na wa kwanza kweli walivuna. Hapo ndipo penye mtego, maana waliovuna waliwaita ndugu zao.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mtu mmoja ametoa shilingi 100,000 naye aahidiwa 200,000. Fedha hizo hazilimi wala hazifugi, basi hapana budi zitoke kwa watu wapya wawili. Ili wawili hao walipwe, watakiwa wanne, kisha wanane. Mara ya 10 watakiwa watu 1,024. Mara ya 17 watakiwa watu 131,072. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika wilaya yetu nzima ya Mwanga watu kama 131,000, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiotoka kitandani. Nani basi angebaki wa kuwalipa wale wa mwisho? Mbegu isiyo na shamba haizai.

Sisemi kwamba kuweka fedha pamoja ni kubaya. Akina mama wetu huchanga kila juma, wakapeana kwa zamu, nao wajuana nyumba kwa nyumba. Hapo kila mtu apokea kile walichotoa wenzake, wala haahidiwi maradufu. Lakini mgeni akitaka kukutunzia fedha na kukupa faida, mwulize kibali cha Benki Kuu ya Tanzania. Akianza kukuhubiria badala ya kukionyesha, mwage kwa adabu.

Sasa, ikiwa umekwisha kuibiwa? Usikae ukilia. Dakika za kwanza ni za thamani, kwani fedha zisizotolewa bado kwa wakala zaweza kuzuiwa. Kwanza, piga namba 100 kwa kampuni yako ya simu, ueleze kiasi, saa na namba uliyotumia. Pili, usifute ujumbe wowote. Huo ndio ushahidi wako. Tatu, nenda polisi uandikishe shauri lako, upewe namba ya RB; tangu mwaka 2015 tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao. Nne, ujumbe wa tapeli upeleke kwa namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, ili namba yake ifungwe asiwaibie wengine. Kisha bonyeza *106# uone kama pana laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua.

Fedha zitarudi? Mara nyingine hurudi, mara nyingi hazirudi. Yakupasa kulijua hilo, kwani baada ya mwizi wa kwanza huja wa pili, asemaye, mimi nitakurudishia fedha zako zote, nipe kwanza kidogo za kazi. Huyo ni ndugu yake yule wa kwanza.

Neno la mwisho ni kwa baba na mama. Aliyeibiwa huona haya. Humficha mwenzake, hukopa ili azibe pengo, na deni likazaa ugomvi nyumbani. Wakati huo jirani yake aibiwa kwa hila ile ile, kwa kuwa hakuna aliyemwonya. Basi baba, mkeo akikuambia ameibiwa, usimpigie kelele; na wewe mama vivyo hivyo. Leo jioni, mkiisha sala, pataneni jambo moja: katika nyumba hii hapana fedha itakayotumwa kwa simu kabla wawili hawajajua. Mwanga ni ndogo, na habari hufika upesi. Tuifanye habari ya tapeli ifike kabla yake.