Ukishajibiwa na Mashine, Mwenye Blogu Anakula Nini?

Siku hizi mtandaoni hatutafuti, tunauliza. Zamani mtu aliandika maneno mawili matatu, "ajira walimu Shinyanga", akapata orodha ya tovuti na kuanza kufungua moja moja. Sasa anaandika, au anaongea na simu kabisa, kama anayemuuliza jirani: "Hivi mwalimu wa ajira mpya anaripoti na nyaraka gani?" Google ilijiandaa kwa maswali ya namna hii tangu 2013, ilipobadilisha mfumo wake uelewe maana ya sentensi nzima. Mei 2024 ikaanza, Marekani kwanza, kuweka muhtasari ulioandikwa na akili mnemba juu kabisa ya matokeo, kisha ukasambaa nchi nyingine. Ukiongeza na ChatGPT, ambayo wengi wetu tunafanyia asaimenti (tusifichane hapa), mazoea yamebadilika. Unauliza, unajibiwa, unaweka simu mfukoni.

Kuuliza si ujinga, na mimi siwalaumu wanaouliza. Shida ni kwamba kabla mashine haijajibu, kuna mtu aliyekwenda, akaona, akaandika. Huyo sasa hatumtembelei.

Taasisi ya utafiti ya Pew ilifuatilia watumiaji wa Google nchini Marekani, Machi 2025. Walipokutana na muhtasari wa akili mnemba, walibonyeza kiungo cha tovuti katika asilimia 8 tu ya utafutaji. Usipokuwepo muhtasari, ilikuwa asilimia 15. Ni karibu nusu ya wageni. Takwimu ni za Marekani, sawa, lakini hesabu ya mwenye blogu ni ileile kokote: bila wasomaji hakuna matangazo, na bila matangazo hakuna nauli ya kwenda kufuata habari.

Blogu zetu zimejengwa kwa jasho. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa wa kwanza kublogu kwa Kiswahili, Issa Michuzi akaanza yake 2005, na baadaye mikoa nayo ikapata za kwake, kama Malunde 1 Blog hapa Shinyanga. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni: wenye blogu wajisajili TCRA, na gharama za kuanzia zilizidi shilingi milioni 2. Wapo waliofunga virago. Waliobaki ndio hawa tunaowanyima mguu wa kuingia.

Chukua mfano wa dhahabu. Kijana anauliza simu, "Gramu ya dhahabu Katoro leo bei gani?" Mashine inajua bei ya dunia, ambayo hutajwa kwa wakia, yaani gramu 31.1 za dhahabu safi. Mchimbaji wa Geita hana dhahabu safi. Ana kipande ambacho usafi wake lazima upimwe, kisha kuna mrabaha na makato mengine, na ndiyo maana serikali ilifungua soko la dhahabu Geita Machi 2019. Bei anayoondoka nayo mchimbaji inajulikana na aliyefika sokoni siku hiyo. Mwandishi wa Geita akiacha kuandika kwa kukosa wasomaji, mashine haitanyamaza. Itajibu tu, tena kwa kujiamini, na kijana atauza au atagoma kuuza kwa jibu hilo.

Najua mtanijibu: bando. Na ni kweli. Unafungua blogu kusoma jambo moja, unakutana na picha 30 za mgeni rasmi akikata utepe, tangazo linaruka usoni, na kichwa cha habari ni "HII HAPA TAARIFA MUHIMU!" Jibu la mashine ni mistari mitano na halili MB. Hapo wenye blogu wana la kujirekebisha. Kama watu wanauliza kwa sentensi, andikeni habari inayojibu sentensi: nani, wapi, tarehe ngapi, shilingi ngapi. Punguzeni picha. Wekeni kile ambacho mashine haiwezi kukifuata yenyewe, sauti ya mkulima wa pamba wa Kishapu, bei ya dengu mnadani, barabara iliyokatika.

Sisi wasomaji nasi tuna sehemu yetu. Muhtasari ukikupa jibu linalogusa fedha, afya au masomo yako, bonyeza kiungo kilicho chini yake, uone nani kasema na lini. Blogu ya mkoani kwenu iandike anuani yake moja kwa moja, usisubiri Google ikupeleke. Na sisi wa ualimu tuna kazi zaidi, maana miaka michache ijayo tutasimama mbele ya darasa lenye wanafunzi waliozoea kujibiwa. Mwanafunzi akileta jibu, swali letu la kwanza liwe: umelitoa kwa nani? Akisema "kwenye simu", mrudishe akamtafute mwenyewe aliyeandika.