Kiwanda Kikipata Mwenyewe Mpya, Miaka ya Mfanyakazi Huenda Wapi?

Mnamo Mei 2025, Serikali ilikabidhi viwanda vinne vya sukari vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za kibinafsi zilizovikodi kwa muda wa miaka 30. Mjadala uliozuka ulihusu zaidi mashamba, bei ya miwa na madeni ya wakulima. Wafanyakazi nao walitajwa, lakini kwa jumla walitajwa kama deni jingine katika orodha ndefu ya madeni, kwa sababu ya mishahara yao iliyokuwa imelimbikizwa kwa miezi mingi. Lipo swali ambalo halikupewa nafasi iliyolistahili. Mtu aliyeingia kiwandani akiwa kijana na kutumikia miaka 20, siku kiwanda hicho kinapopata mwenyewe mpya, ile miaka yake 20 inamfuata nani?

Msomaji atashangaa akiambiwa kwamba Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinacholijibu swali hilo waziwazi. Inaeleza likizo, inaeleza uzazi, inaeleza namna ya kumwachisha mtu kazi. Lakini kuhusu biashara inayohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine imenyamaza. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, katika kifungu cha 41. Hata hivyo, haki isiyoelezwa namna ya kutekelezwa humwacha mnyonge akihangaika mahakamani, na aliye na mali akingoja achoke.

Ni vyema tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kampuni ikiuza hisa zake, mwajiri habadiliki. Shirika la Ndege la Kenya lilipobinafsishwa mwaka 1996 na KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26 ya hisa, mwajiri alibaki kuwa shirika lile lile na mikataba ya kazi ikaendelea kama ilivyokuwa. Shida huanza pale ambapo kinachouzwa au kukodishwa ni mitambo, majengo na mashamba, huku kampuni ya zamani ikiachwa na jina tu, au ikiwa mikononi mwa mrasimu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kiwanda cha Mumias, kilichowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 na mali yake ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai mwishoni mwa mwaka 2021. Mitambo huwa na mkataba wa kuihamisha. Binadamu aliyeiendesha hana.

Sheria tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza ina msimamo wa kale kuhusu jambo hili. Mwaka 1940, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya mchimba makaa aitwaye Nokes, ambaye kampuni yake ilikuwa imeunganishwa na nyingine pasipo yeye kuulizwa. Majaji walikataa wazo kwamba mtu aweza kuhamishwa pamoja na mali. Mmoja wao alieleza kuwa uhuru wa kumchagua wa kumtumikia ndio unaomtenga mtumishi na mtumwa. Uamuzi huo una heshima yake. Lakini una makali pande zote mbili: ikiwa mkataba hauhami pasipo ridhaa, basi mwajiri mpya naye halazimiki kumchukua yeyote. Uhuru wa mfanyakazi unageuka kuwa uhuru wa kukaa nyumbani.

Ndipo hutumika ile njia ya kupunguza wafanyakazi, ambayo kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinairuhusu kwa masharti: ilani ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba, fedha za likizo ambazo hazijalipwa, na fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mfanyakazi huachishwa Ijumaa na kuajiriwa Jumatatu na mwenyewe mpya. Ikiwa fidia imelipwa kikamilifu, hatuna ugomvi mkubwa. Lakini mara nyingi hupewa ahadi, naye huitia sahihi barua mpya kwa sababu watoto wanatakiwa shuleni.

Tufanye hesabu, madhali safu hii husomwa na walimu. Chukua mwalimu wa shule ya kibinafsi aliyefundisha miaka 18. Siku 15 mara 18 ni siku 270, yaani mshahara wa takriban miezi tisa. Shule inauzwa, mwenyewe mpya anampa barua inayoanza upya, yenye kipindi cha majaribio. Katika kipindi hicho, sheria inaruhusu mkataba uvunjwe kwa ilani ya siku saba. Akivuka majaribio na shule ifungwe baada ya miaka miwili, fidia yake ni ya siku 30. Ile miezi tisa imeyeyuka, wala hakuna aliyekiri kuichukua.

Walimu wa umma wanajua thamani ya kupangwa kwa mambo haya kisheria. Kabla ya mwaka 1967 waliajiriwa na waajiri mbalimbali, yakiwemo makanisa na mabaraza ya wenyeji, kila mmoja na masharti yake. Chama chao, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kilidai mwajiri mmoja, na Bunge likaiunda TSC kwa sheria. Tofauti na hayo, wafanyakazi wa mabaraza ya miji walipoingia katika serikali za kaunti mwaka 2013, michango ya pensheni waliyokatwa na ambayo haikuwasilishwa ilizua mivutano ya miaka mingi.

Jirani zetu wametutangulia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kuwa biashara ikihamishwa, mikataba ya wafanyakazi nayo huhamia kwa mpokeaji. Afrika Kusini iliweka kanuni kama hiyo katika kifungu cha 197 cha sheria yake ya mwaka 1995. Uingereza yenyewe, ilikotoka ile kesi ya Nokes, ina kanuni hizo tangu mwaka 1981.

Waajiri hudai kuwa mnunuzi akilazimishwa kubeba miaka ya wafanyakazi, hakuna atakayenunua kiwanda mahututi. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini mnunuzi hukagua madeni kabla ya kulipa na huyapunguza kutoka katika bei. Asipoubeba yeye mzigo huo, humwangukia mfanyakazi, ambaye hakuketi katika meza ya mapatano.

Bunge na liongeze kifungu hicho katika sheria yetu. Hadi litakapofanya hivyo, mfanyakazi atunze vijikaratasi vya mshahara wa mwajiri wa zamani, adai taarifa ya pensheni yake kabla ya siku ya makabidhiano, na barua mpya isiyotaja tarehe yake ya kwanza ya kuajiriwa asiitie sahihi kabla ya kuipeleka kwa chama chake au kwa afisa wa leba.