Plastiki ya Igunga Haiendi Baharini

Kuna kauli imezoeleka bara, na Igunga, wilaya ya mkoa wa Tabora, nako inasikika: plastiki ni shida ya watu wa pwani. Wanaokufa ni kasa na samaki, zinazochafuka ni fukwe za Dar es Salaam na Unguja. Huku kwenye vumbi na migunga, mfuko ukitupwa upepo utaupeleka. Kauli hiyo ni uongo, na anayeumia zaidi ni yule yule anayeisema.

Maji yenyewe yanaikana. Mvua zikinyesha, kati ya Novemba na Aprili, taka za mitaroni hukokotwa kuelekea Mto Manonga na mbuga ya Wembere. Kutoka Wembere maji huingia Ziwa Kitangiri, hupita Mto Sibiti, yakamalizikia Ziwa Eyasi. Hapo ndipo mwisho wa safari, kwa kuwa Eyasi ni ziwa la chumvi lisilo na mto wa kutokea. Maji yake hukaushwa na jua. Kwa hiyo plastiki ya Igunga haina bahari ya kuipokea. Hubaki majarubani, malamboni na kwenye matope ya mbuga, jua likiikatakata vipande vidogo visivyookoteka tena.

Wilaya hii ni ya wafugaji. Kiangazi majani yakiisha, ng'ombe mwenye hamu ya chumvi hatofautishi ukoka na mfuko uliowahi kubeba chumvi au mabaki ya chakula. Anaumeza. Plastiki haisagiki tumboni wala si rahisi kutoka. Hujikusanya na kujisokota, mnyama akajiona ameshiba huku anakonda, maziwa yakapungua, na mwenye mifugo akatafuta dawa ya ugonjwa usio na dawa. Mwaka 2017, Kenya ilipokuwa inaelekea kupiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti, daktari wa mifugo jijini Nairobi alieleza kuwa ng'ombe wengine waliochinjwa walikutwa na mifuko hadi 20 tumboni. Hao hawakuwa nyangumi.

Wapo wanaoona kiberiti ndiyo jibu. Lakini plastiki yenye klorini ikichomwa hutoa dioksini, sumu inayotua kwenye majani, ikaliwa na ng'ombe na kujificha kwenye mafuta ya maziwa. Moto wa nyuma ya nyumba unarudi ndani kwa kikombe cha mtoto.

Mkulima wa pamba naye asijitoe. Pamba iliyofungwa kwenye viroba vya sandarusi huchanganyika na nyuzi za plastiki, na nyuzi hizo hazishiki rangi kiwandani. Kitambaa kinaharibika, na pamba inashuka thamani. Chupa za viuatilifu zinazoachwa shambani ni balaa jingine, hasa zinapookotwa na kutiwa maji ya kunywa.

Itasemwa kwamba serikali ilishalimaliza jambo hili. Ni kweli, tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa rambo ni marufuku Tanzania Bara, na anayekutwa nao anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000. Marufuku ile ilikuwa ya lazima na ilisafisha mengi. Hata hivyo haikugusa chupa za maji ambazo abiria hurusha madirishani basi likishateremka Sekenke kuelekea Nzega na Mwanza. Vifungashio laini viliruhusiwa kwa kufungia bidhaa, si kubebea, lakini sokoni vimegeuzwa vibebeo vya nyanya na dagaa. Hata ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, mwingi wake ni polipropilini, yaani plastiki ile ile kwa umbo jingine. Ukitumika mara mia una faida. Ukitumika mara moja ni rambo kwa jina jingine.

Kuishi bila plastiki kunawezekana: zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi pwani, miezi kadhaa njiani, na vyombo vyao vya vibuyu, magome na ukili vilipochakaa vilirudi kuwa udongo. Hakuna anayetaka kurudi kwenye upagazi. Lakini kikapu cha kwendea sokoni hakijapitwa na wakati, na kubeba chombo cha dagaa kutoka nyumbani hakumgharimu mtu hata senti.

Yapo pia yasiyo ya mwananchi peke yake. Halmashauri iweke mapipa stendi na mnadani, na izoe taka zake kabla hayajafurika. Wenye mabasi waweke chombo cha taka ndani ya gari na kondakta asimamie. Wauza viuatilifu wapokee chupa zao tupu. Waokota makopo wapewe sehemu ya kukusanyia, kwa sababu viwanda vinavyonunua makopo viko mamia ya kilomita kutoka hapa na mzigo mdogo haulipi nauli.

Na anayeendelea kuamini kwamba hizi ni habari za pwani, aamke alfajiri moja aende machinjioni, amwombe mkaguzi wa nyama ampasulie tumbo la ng'ombe aliyelishwa jalalani, aangalie mwenyewe kilichomo.