Jangwa si ardhi tupu

Wakazi wengi wa miji ya jangwani ya kusini-magharibi mwa Marekani, kuanzia Las Vegas hadi Phoenix na Tucson, huamini kwamba mwenye nyumba ana njia mbili tu za kuutengeneza uwanja wake: ama aoteshe nyasi za kijani, ambazo huhesabiwa kuwa dalili ya makazi yenye staha, ama amwage kokoto, apande mpungate mmoja au miwili na kuridhika na ukavu. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu imejengwa juu ya dhana kwamba jangwa ni ardhi tupu isiyo na mimea yake yenyewe.

Kuhusu nyasi, hoja si ngumu. Las Vegas hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, na karibu asilimia 90 ya maji yake hutoka Mto Colorado kupitia Ziwa Mead. Maji yanayotumika ndani ya nyumba, yawe ya bafuni au ya jikoni, husafishwa na kurudishwa ziwani, ilhali yale yanayomwagiwa nyasi hugeuka mvuke na kupotea. Utafiti wa mamlaka ya maji ya eneo hilo ulionyesha kuwa mita moja ya mraba ya nyasi humeza takriban lita 3,000 kwa mwaka, na bustani ya mimea inayostahimili ukame takriban lita 700. Sheria ya jimbo la Nevada ya mwaka 2021 imepiga marufuku, kuanzia 2027, kumwagilia kwa maji ya mto huo nyasi za mapambo, yaani zile ambazo hakuna anayezichezea wala kuzipumzikia. Lakini imeziacha nyumba za familia moja moja, ambako ndiko imani yenyewe ilikojikita.

Kokoto nazo si jawabu, na hapa ndipo hata watetezi wa kubana maji hukosea. Uwanja uliotandazwa mawe bila kivuli hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku, katika miji ambayo joto lake la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Wala uwanja wa namna hiyo haufanani na Jangwa la Sonora linalozizunguka Phoenix na Tucson, ambalo lina misimu miwili ya mvua na miti halisi: paloverde, ambao gome lake la kijani huendelea kuutengenezea mti chakula hata majani yanapopukutika, na mesikwiti, mti wa jamii ya kunde ambao mizizi yake iliwahi kukutwa zaidi ya mita 50 chini ya ardhi, na ambao maganda yake Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, wameyasaga unga tangu kale. Kivulini mwa miti hiyo ndimo huchipukia saguaro, mpungate mrefu unaoishi zaidi ya karne moja, ambao mche wake aghalabu hufa ukiachwa juani. Paloverde au mesikwiti, ukipandwa magharibi mwa nyumba, huukinga ukuta na jua kali la alasiri.

Lakini miti hiyo hufaa kwa sababu iko kwao: sifa ya mmea asilia, yaani ule uliokuwapo mahali bila kuletwa na binadamu, haihami pamoja na mbegu. Mathenge, ndugu wa mesikwiti, ulipelekwa Baringo nchini Kenya ili kuzuia kuenea kwa jangwa, ukageuka vichaka vya miiba vilivyofunga malisho na kuharibu meno ya mbuzi. Na ukoka unaofunika viwanja vya Phoenix asili yake si bara la Amerika hata kidogo.

Hata hivyo, kupanda tu hakutoshi. Wengi huelekeza umwagiliaji wa matone kwenye shina la mesikwiti, mizizi ikabaki juu juu, na dhoruba za kiangazi zikauangusha mti. Tucson imeonyesha njia iliyo bora: kingo za barabara hukatwa ili maji ya mvua yaingie kwenye mashimo yaliyopandwa miti. Kwa mvua ya karibu milimita 280 kwa mwaka, paa la mita za mraba 100 hupokea takriban lita 28,000, ambazo nyumba nyingi huziacha zitiririke mtaani. Mwenye nyumba na aanze kwa kuyaelekeza maji hayo kwenye mti mmoja wa asili, na Nevada haina budi kuziingiza nyumba za kawaida katika sheria yake.